Hesabu ya Chiriku

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza uji wake wa shayiri, Hetty Cawkwell alivaa buti za mpira, akachukua daftari na kuteremka shamba la chini kuhesabu ndege. Kazi hiyo alipewa na mama yake, Muriel, aliyeendesha peke yake shamba lao la ngano kwenye vilima vya Lincolnshire, Uingereza. Majirani walimtania kwamba analimia ndege mboga. Muriel alicheka nao, kisha akaendelea kulima. Ngano ikishavunwa, alisema, chiriku hawana cha kula mpaka baridi iishe, na yeye hakutaka kuishi mahali pasiposikika sauti zao. Hetty aliona hakuna mkulima kama mama yake.

Mwaka huo Muriel alipanda vipande vitatu vya majaribio: haradali, figili za mifugo na sukuma wiki. Mimea itakayowafaa ndege mpaka mwisho wa baridi ndiyo ingepandwa shamba zima la chini.

Mwezi wa Novemba haradali iliongoza kwa chiriku arobaini. Mwishoni mwa Januari ikaja mvua ya barafu, na Jumamosi mbili mfululizo Hetty alibaki jikoni akiota moto. Kwenye mstari wa haradali akaandika arobaini, na Jumamosi iliyofuata arobaini na mbili.

Mwanzoni mwa Februari mama alilifungua daftari mezani. Akaguna kwa furaha.

"Basi ni haradali. Kesho naagiza mbegu. Bila macho yako, mwanangu, ningebahatisha tu."

Hetty aliiacha chai yake mezani. Alitoka bila koti, akakimbia hadi shambani. Haradali ilikuwa imelala chini, nyeusi, maganda yake matupu. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Lakini figili zilisimama wima, na chiriku walining'inia juu yake wakipasua maganda magumu. Kwenye sukuma wiki, chini ya majani mapana, kwale watano walijikunyata kukwepa upepo.

Alirudi jikoni mbio.

"Mama, usiagize. Zile hesabu za Januari nilizitunga. Sikwenda."

Muriel hakupaza sauti. Alimvika koti, wakateremka pamoja, na Hetty akamwonyesha kila alichokiona. Mama alichuma ganda la figili, akalivunja. Mbegu zilikuwa zimejaa ndani. Akaamua papo hapo: figili zichanganywe na sukuma wiki. Figili zingelisha ndege baridi ijayo, na sukuma wiki ingewakinga na upepo, kisha mwaka wa pili nayo ingetoa maua na mbegu.

"Umenikasirikia?" Hetty aliuliza.

"Kwa Januari, ndiyo. Kwa leo, hapana. Ungenyamaza, nisingejua kamwe." Muriel alimrudishia daftari. "Futa zile mbili, uandike kwamba hukwenda. Mstari mtupu haunidanganyi, mwanangu. Nikiuona najua nikaangalie mwenyewe. Lakini namba ya uongo ingenifanya nipande njaa shamba zima, huku najisifu kwamba nalisha ndege."

Hetty alifuta, akaandika ukweli. Kisha, vidole vikiwa vimekufa ganzi, akaanza kuwahesabu chiriku upya, mmoja mmoja, na mama yake akasimama kando yake akimsubiri amalize.