Grizel wa Kwanza

Doa la kwanza Netta Gunn alilipangusa kwa kitambaa cha vyombo, akalisahau. Lilikuwa dogo, ukubwa wa ncha ya kidole cha mtoto, na lilikuwa limelowesha ile karatasi ya ukoo aliyoibandika ukutani jikoni, palepale kwenye jina la Grizel Bain, aliyebatizwa Machi 1848 katika parokia ya Kilmorran. Kesho yake asubuhi doa lilikuwepo tena. Na chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, palikuwa na doa jingine kando ya jina la binti yake mwenyewe. Netta akajiambia maji yametiririka kutoka juu, ingawa katikati karatasi ilikuwa kavu.

Karatasi hiyo ilikuwa zawadi. Binti yake Zellie alikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto wa kike, na alishatangaza kwamba atamwita Grizel. Kwao jina hilo lilirithiwa na mabinti wa upande wa mama, na hata kwa Zellie mwenyewe ndilo lililoandikwa kwenye vyeti vyake. Ila Netta hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja; kwake alikuwa Zellie tu. Watu walidhani ni kudekeza.

Tangu mumewe Dougal afariki, Netta alishinda mbele ya kompyuta akisoma vitabu vya ubatizo na madaftari ya sensa. Kwenye kazi hiyo hakuwa na mchezo. Mtu ambaye yeye hakuwa ameiona hati yake alimwandika kwa penseli. Akishaiona, ndipo huweka wino. Grizel wa 1848 alikuwa wa wino. Ubatizo wake ulikuwepo, na kwenye sensa ya 1851 alikuwa nyumbani kwa baba yake, Hector Bain. Kasoro ilikuwa moja tu: sensa ilimpa mwaka mmoja, wakati alipaswa kuwa na mitatu. Netta akamtupia lawama karani. Makarani wa enzi zile wengine walifika nyumba ya mwisho wakiwa wameshalewa chakari.

Jumanne, saa kumi alasiri, giza la mapema la Desemba ya kwao likiwa limeshaingia na supu ikichemka, alisikia mtoto mchanga akilia. Akazima jiko asikilize vizuri. Kilio hakikutoka nje wala kwenye redio, na hakikuwa cha paka wa jirani, maana paka hupumzika, lakini huyu alilia kama mtoto aliyeachwa alie mpaka nguvu zimemwishia, sauti ikitoka ukutani nyuma ya karatasi, na kadiri Netta alivyosogea ndivyo harufu ya maziwa yaliyochacha ilivyompanda puani, mpaka alipoinamisha macho akaona blauzi yake, yeye mwanamke wa miaka sitini na sita, imelowa kifuani pande zote mbili.

Hakukumbuka hata koti. Alitoka mbio hadi kwa Peigi Mackay, jirani yake wa miaka yote, bibi wa miaka themanini na minne aliyekuwa akifukizia nyumba na ng'ombe wa watu kwa moshi wa mreteni, kichaka chenye harufu kali, ili kufukuza vitu visivyoonekana. Mchungaji wa kanisa alijua, akajifanya hajui.

"Bibi Peigi, kwangu kuna kitu," alinong'ona.

"Kitu gani? Panya?"

"Kinalia."

Peigi akazima sigara yake. "Kinalia kikubwa au kidogo?"

"Kidogo sana."

"Haya, umemchokoza nani? Nilikwambia, Netta, wafu si viazi. Wewe kila siku ni kufukua tu!"

Alikuja na tawi la mreteni kwapani, akivuta mguu wake mbovu, akavaa miwani na kuisoma karatasi kuanzia juu. Kilio kilikuwa kimepungua kikawa kikwifukwifu.

"Huyu amebatizwa arobaini na nane. Hamsini na moja ana mwaka mmoja. Anakua kwenda nyuma?"

"Karani alikosea."

"Karani! Mtoto akifa, jina alipewa anayefuata. Hilo nalo nikufundishe mimi?"

Kilmorran nzima hakuna aliyelijua hilo kumzidi Netta. Akakaa kwenye kompyuta, akafungua daftari la 1855, mwaka wa kwanza wa serikali kuandikisha vizazi, ambao makarani waliuliza hata idadi ya ndugu wa mtoto. Akampata Murdo, mtoto wa Hector Bain. Chini yake pameandikwa: dada wawili, mmoja hai, mmoja marehemu.

Walikuwa Grizel wawili. Wa kwanza alizikwa bila kifo chake kuandikwa popote, na Netta akamchukulia ubatizo wake akampa mdogo wake.

"Umemfuta," Peigi alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na mstari mmoja tu duniani, na wewe ukamnyang'anya."

Netta akachukua kalamu ya wino, akawatenganisha. Peigi akawasha mreteni kwenye kikaango kikuukuu, akazunguka chumba baada ya chumba huku akikohoa na kulaani mguu wake, kisha akafungua mlango wa nyuma, baridi ikaingia. "Grizel wa Hector," aliita, "umeonekana. Umeandikwa. Nenda kwa mama yako."

Doa la juu likakauka wakiliangalia. La chini halikukauka, wala kikwifukwifu hakikukoma.

"Na hili?" Peigi aliuliza.

"Maji tu hayo."

Peigi akaweka kikaango chini. Akamtazama Netta muda mrefu, na ule ukali wote ukamtoka usoni. "Wako alikuwa na siku ngapi, mwanangu?"

"Kumi na moja."

"Zellie anajua?"

"Dougal alikataza tusiseme."

"Dougal tumeshamzika."

"Basi mfukizie na huyu, Bibi. Nakuomba. Siwezi kuvumilia kumsikia."

"Huyo simfukizii. Wageni ndio hufukuzwa. Huyo yuko kwao."

Novemba 1984. Dougal alikifungua kitanda cha mtoto siku ileile ya maziko, akapeleka mbao bandani. Mwaka wa pili alipozaliwa mwingine, mama yake Netta, ambaye naye alikuwa Grizel, akasema jina lisibaki kaburini. Netta hakuwa na nguvu ya kukataa. Watu wakaja na keki, wakasema sasa mmempata Grizel wenu, na hakuna aliyesema kwamba huyu ni mwingine.

Jumapili Zellie alikuja kula. Alimaliza nyama na viazi, akasimama mbele ya karatasi, mkono kiunoni.

"Mama, umejua kunifurahisha. Ila hapa kwangu pamelowa."

Alipogusa tu, kilio kikaanza. Zellie akaruka nyuma na kushika tumbo.

"Mama! Nani analia?"

Netta alikuwa na uongo tayari mdomoni: upepo, paka, mabomba ya maji. Alikuwa ameutumia wa aina hiyo miaka arobaini.

"Dada yako," alisema.

Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, kilio kikiwa katikati yao. Zellie alisikiliza machozi yakimtiririka.

"Kwa hiyo nimevaa jina la maiti."

"Umevaa jina la bibi yako."

"Ndiyo maana hukuwahi kuniita?"

"Kila nikitaka kukuita, alikuwa anageuka yeye. Nisamehe, mwanangu."

Zellie akachukua penseli mezani na kumtia mama yake mkononi. "Mwandike."

Netta akaandika: Grizel Gunn, Novemba 1984, siku kumi na moja. Kilio kikakatika. Doa likakauka. Zellie akamkumbatia mama yake, tumbo lake kubwa likiwa kati yao.

"Cheti chake unacho?"

"Kipo kwenye kopo la biskuti."

"Basi umwekee wino. Ngoja, kalamu yangu nzuri iko kwenye gari."

Akatoka. Netta akabaki peke yake jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nyumba ilikuwa kimya kabisa, bila hata pumzi nyuma ya karatasi. Aliujua ukimya huo. Ndio uliomkaribisha mlangoni aliporudi makaburini akiwa na miaka ishirini na sita, maziwa yakimchuruzika ndani ya koti jeusi na hakuna wa kuyanywa. Siku zote hizo aliuomba urudi. Sasa umerudi, na akaelewa kwamba amemtoa mwanawe nyumbani mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Nje mlango wa gari ulifunguliwa.

Netta akaigeuza penseli, upande wa kifutio. Akalifuta jina taratibu, herufi moja moja, akapuliza unga wa kifutio, akavuta kiti karibu na ukuta na kukaa. Mlango wa gari ukafungwa, nyayo za Zellie zikaanza kukanyaga kokoto zikija. Nyuma ya karatasi mtoto akavuta pumzi.

"Nipo, mama, nipo," Netta alinong'ona, akaanza kufungua vifungo vya blauzi.