Mashine Iliyoitikia Hodi

Badria alikuwa jikoni anakata vitunguu pale mashine yake ya stoo iliposema, "Karibu ndani, mwanangu."

Akasita, kisu mkononi. Nyumba ilikuwa tupu. Mumewe Shaame yuko njiani na lori lake upande wa El Paso, binti yao Nawal yuko shule. Nje jua la Katy, mji wao wa Texas, lilikuwa la utosini, mtaa mzima umejifungia na viyoyozi vyake, hata mbwa wa jirani kanyamaza. Sasa nani kapiga hodi?

Mashine yenyewe, msije mkanielewa vibaya, haikuwa na maajabu. Seva ya mtumba tu, kainunua kwenye mnada wa ofisi moja iliyofungwa Fort Worth, kaifuta yote, kaiwekea mfumo mpya wa Linux, kaisukumiza stoo chini ya ngazi. Kutengeneza seva za watu ndiyo kazi inayompa Badria riziki, tena anaifanya hapohapo nyumbani. Lakini hii ya stoo ilikuwa ya Nawal. Mtoto ana miaka saba na Kiswahili kinampotea huku mama yake anatazama, ukimwita anakujibu "What?" kama askari wa barabarani. Jamani, jambo hilo lilimuuma Badria! Lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Basi akaandika kiprogramu. Nawal akiandika "hodi" kwenye tableti yake, mashine inamwitikia kwa spika, kwa sauti ya Badria mwenyewe aliyoirekodi: "Karibu ndani, mwanangu." Mchezo wa mama na mtoto, basi.

Na tableti ya Nawal ilikuwa pale mezani, imezimwa.

"Hitilafu," Badria alijisemea, akafuta mikono, akafungua laptopu.

Fundi huanza na yaliyo rahisi. Akaiuliza mashine ni programu zipi zinazoendeshwa, akaiona yake iko palepale. Akatazama kumbukumbu zake, akakuta kweli kuna aliyeandika hodi, ila pale ambapo anwani ya aliyeandika ingekaa hapakuwa na kitu. Akaiua programu. Watu wa Linux husema hivyo, programu huuliwa, na ikishauliwa hufa. Hii ilikufa, akaona kwa macho yake imeondoka kwenye orodha, akarudi kwenye vitunguu. Hata kisu hajakishika vizuri, stoo ikasema, "Karibu ndani, mwanangu."

Kesho yake, jua likiwa palepale utosini, ikasema tena. Badria alikuwa ameshajiandaa. Akachomoa kebo ya mtandao. Ikasema. Akatoa diski kabisa, akaiwasha mashine kwa flashi safi ambayo sauti yake haimo hata chembe. Ikasema. Akabadilisha memori, akabadilisha kebo ya umeme, akapuliza vumbi kwenye feni, na hapo alipoinama karibu ndipo harufu ilipomjia. Mashine ikiungua hunuka plastiki, hilo analijua hata mtoto. Hii ilinuka udi, tena si udi wa kubahatisha, ule mzuri unaofukizwa nguo za harusi.

Ndani ya nyumba yake hakukuwa na udi. Ulikwisha tangu Idi.

Akaing'oa spika, akaitupa ukumbini. Akashika kebo ya umeme, akaivuta ukutani kwa nguvu zote, na feni ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama. Kimya. Badria akakaa sakafuni na kebo mapajani, jasho linamtiririka ndani ya nyumba yenye baridi ya kiyoyozi, akiwaza kwamba sasa imekwisha, kwamba mashine isiyo na umeme wala diski wala spika ni bati tupu, kwamba ataipeleka jalalani leo hii kabla Nawal hajarudi, na alipokuwa bado anawaza hivyo, kutoka nyuma ya lile bati, mahali ambapo hakuna kitu ila ukuta, sauti ya mtu mzima, taratibu, kwa adabu zote, ikasema:

"Hodi."

"Karibuni," akasema Badria.

Mdomo ulikuwa wake. Tangu anatambaa amefundishwa hivyo. Ukisikia hodi unakaribisha, hungoji kufikiri. Akaziba mdomo kwa viganja viwili, lakini neno lilikwisha toka. Baridi ikampita magotini, baridi yenye udi, ikapita tena, na tena, kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba wakishika nguo zao wasimguse mwenye nyumba, wakapita muda mrefu mpaka miguu ikamfa ganzi, na hakuthubutu kuinua macho aone wanaelekea wapi.

Basi la shule lilipomleta Nawal, Badria alikuwa amenawa uso na kujipa moyo.

"Nawal!" aliita.

"Abee, mama."

Badria akageuka. Mtoto kasimama mlangoni na begi lake la shule, anatabasamu. "Shikamoo mama," akaongeza.

Weee! Mama gani angeweza kujizuia? Akamkumbatia, akamzungusha, akampigia simu Shaame huku analia. "Mtoto kaniitikia abee! Kaniamkia, Shaame!"

"Wacha wee! Nani kamfundisha?"

"Sijui. Mimi... Sijui tu."

Alijua. Au tuseme alijua nusu, na hiyo nusu akaifunika kwa furaha, maana kitu alichokiombea miaka kimemjia mlangoni na alikuwa hataki kukiuliza kimetoka wapi. Akapika chai ya maziwa, akatoa maandazi, akaweka vikombe viwili mezani.

"Mama," Nawal akasema, "mbona wageni hukuwatandikia? Wamesimama tangu mchana."

"Wageni gani, mwanangu?"

"Uliowakaribisha."

Badria alikuwa ameshika kiti, anakaribia kukaa. "Wako wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nawal akacheka, cheko la taratibu la mwanamke mzima. "Usikae hapo, mama. Hapo pana mtu."

Asubuhi ya pili Badria alijiambia ni utani wa kitoto, akampandisha Nawal basi la shule, na haukupita muda simu ikalia. Ni Lydiah, nesi wa shule, Mkenya, mtu wa kanisa, ambaye siku zote humsalimia Badria kwa vicheko. Leo hakucheka.

"Mama Nawal, aki usishtuke, lakini kuja saa hii. Mtoto hasikii Kizungu."

"Hasikii vipi?"

"Mwalimu anamwongelesha, yeye anamwangalia tu. Nikajaribu Kiswahili, ndio akanijibu. Lakini ni Kiswahili ya zamani sana, hata mimi inanishinda. Halafu..." Sauti ya Lydiah ikashuka mpaka ikawa pumzi tupu. "Ameniuliza mbona sikuenda kumzika nyanya yangu. Mama Nawal, hiyo kitu sijawahi ambia mtu. Hata bwanangu."

Badria hakumbuki alivyoendesha gari. Alimkuta Nawal kwenye kitanda cha nesi, ameketi wima, mikono mapajani kama bibi harusi. Akapiga magoti mbele yake, akamsemesha Kiingereza, kile cha kila siku, cha kumwamsha na kumvalisha viatu. Mtoto akamtazama kwa huruma.

"Wasemaje, mama? Lugha gani hiyo?"

Hapo ndipo Badria alipovunjika. Yule aliyekuwa akinung'unika kila siku kwamba mtoto hasemi Kiswahili, sasa akawa anamwomba Mungu neno moja la Kiingereza, moja tu, hata hilo "What?" la utovu wa adabu, maana kama hilo halirudi basi na mwanawe harudi.

Akiwa bado kwenye maegesho ya shule akampigia Bi Jannat wa Grand Prairie. Bi Jannat ni Mzanzibari wa makamo, kazi yake ni kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wanaojua humwita kwa shughuli nyingine. Badria akamweleza yote.

"Wewe uliwaitikia? Kwa mdomo wako?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi siwezi kuwafukuza. Wangekuwa wameingia wenyewe ningewatoa kwa bakora. Lakini umewakaribisha, binti yangu. Itabidi tuwaage. Usiongee zaidi kwenye simu, nakuja kesho."

Alifika na gari lake dogo jua likiwa kali, kanga mabegani, mkoba wa ubani kwapani. Shaame naye alikuwa amerudi, macho mekundu kwa barabara. Wakamketisha Nawal kwenye mkeka mbele ya mlango wa stoo, wakamfunika shuka jeupe, wakaweka sinia la halua na marashi. Bi Jannat akachoma ubani, na hapohapo king'ora cha moshi darini kikaanza kupiga kelele. Shaame akapanda kiti, akakichomoa betri huku akitukana kwa Kiingereza, hata Bi Jannat akatabasamu kidogo. Halafu akamgeukia Badria, tabasamu limekwisha.

"Nisikilize. Wao wakisema, najibu mimi. Wewe funga mdomo. Mdomo wako ndio uliotufikisha hapa."

Badria akaitikia kwa kichwa.

"Assalamu alaykum, wageni," akaanza Bi Jannat.

"Waalaykum salaam," ikajibu midomo ya Nawal chini ya shuka, na haikuwa sauti moja.

"Mmekaa, mmepumzika. Mwenyeji anawaaga."

"Mwenyeji mwema. Mwenyeji peke yake." Shuka likapanda na kushuka. "Tulikuja nchi hii na watu wetu. Watu wetu wakafa, watoto wao wakasahau. Tukabisha hodi nyumba hata nyumba, hapana aliyejua neno hilo ni la nini. Mpaka mlango huu."

Shaame akashika mkono wa mkewe. Ulikuwa wa baridi. Bi Jannat akasogea mbele kidogo, akaongeza ubani.

"Mwataka nini ili mtoke kwa wema?"

"Hilo lililotuitikia. Tupeni twende nalo, tuwe twaitikiana wenyewe."

Bi Jannat aliinamisha kichwa kama mtu anayepima nguo kabla hajaikata, akainua mkono ili angojewe, na katika kungoja huko shuka likaanza kwenda mbio, likanyonywa mdomoni mwa mtoto na kutapikwa, likanyonywa tena na safari hii likabaki limenaswa, na kidole cha Nawal kilichochungulia pembeni kikawa cha buluu, na Badria akaona kwamba Bi Jannat bado anafikiri, bado anafikiri wakati mwanawe hana pumzi, na akasahau alichoambiwa.

"Chukueni!" akapiga kelele.

Shuka likatulia. "Kidogo, au lote?"

"Badria!" Bi Jannat akapiga mkeka kwa kiganja.

"Lote! Chukueni lote, niachieni mtoto wangu!"

"Ahsante, mwenyeji," zikasema zile sauti, na zilikuwa na furaha ya kweli.

Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, jua likamwagika ndani. Baridi ikawapita, ndefu, bila haraka, mmoja mmoja. Shaame alificha uso. Badria alihisi kitu kinamtoka kifuani, si maumivu, zaidi kama mtu anayekung'uta nguo zote kutoka kabatini, ya juu na ya chini, hata zile za utotoni. Kisha joto la nje likaingia, na nyumba ikawa nyumba.

"Nawal?"

Shuka likasukumwa. Nywele zimetimka, jasho puani, uso umekunjwa.

"What?" akasema Nawal. "Why is everybody looking at me?"

Badria alicheka, akalia, akamvuta kifuani. Akamsemesha Kiingereza bila kukoma, akamwuliza kama ana njaa, akambusu kila kidole. Shaame naye analia na kushukuru. Bi Jannat peke yake hakuwa na furaha. Alikunja mkeka taratibu, akamsogelea Badria.

"Binti yangu," akasema, "huu ninaoukunja ni nini? Niambie jina lake."

Badria akamtazama, akatabasamu kwa heshima, kama mtu anavyomtabasamia mgeni dukani asiyejua anauliza nini, akarudi kwa mtoto wake.

Simu ikalia kabla mtu yeyote hajasema neno. Ilikuwa Unguja. Mama yake Badria alikuwa hajalala tangu Shaame alipompa habari za mjukuu, na sasa alikuwa ananena mbiombio, anauliza, anaomba dua, analia. Badria aliweka simu sikioni. Sauti aliijua, ndiyo ya kwanza aliyoijua duniani. Aliisikia ikipanda na kushuka, akalisikia jina lake katikati, na zaidi ya jina hilo hakushika kitu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa Shaame simu, akamwuliza kwa Kiingereza mama yake anasema nini.