Fundo Linakula Kamba

Kila asubuhi Léonie alifagia uwanja, akanywa uji, kisha akashika njia ya shule kupitia mitaa ya Kamalondo pamoja na rafiki yake Bwalya. Alikuwa mwepesi wa kila jambo. Mama yake alizoea kumtania kwamba uji huumaliza kabla haujapoa, halafu huuliza ni nani aliyemchoma ulimi.

Mwaka ule wa 1962 Lubumbashi iliitwa bado Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Mapigano ya Desemba yalivunja vioo vya madirisha yote sita ya darasa lao. Mvua ya Januari haikupiga hodi. Iliingia tu, ikakaa kwenye madawati ya mbele. Kwa bahati, seremala mmoja wa mtaani, baba Kunda, alijitolea kuwapa bure mbao pana tatu, kila moja yenye urefu wa sentimita 185. Aliomba kitu kimoja tu: apelekewe kipimo sahihi cha dirisha.

Mwalimu Clovis akaligeuza jambo hilo kuwa somo la hesabu. Kwa kuwa shule ilikuwa na mita moja tu, rula ndefu ya mti, alimpa kila mtoto kamba nyembamba ajitengenezee mita yake: apime sentimita kumi, afunge fundo, apime nyingine kumi kutoka kwenye fundo lile, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ambaye angemaliza wa kwanza ndiye angepima madirisha.

Léonie aliona huko ni kujichosha bure. Alikata kamba ya mita moja kamili, akatia alama tisa za makaa, akafunga mafundo tisa chapuchapu. Wenzake walipofika fundo la nne, yeye alikuwa ameshapima dirisha. Kwa kamba yake, madirisha yote yalilingana: upana mita moja kamili. Mwalimu alimsifu, akaandika kipimo kwenye karatasi, akampelekea baba Kunda wakati wa mapumziko.

Baadaye Bwalya alimaliza mita yake, akaitandaza kando ya ile ya Léonie, akaona ya Léonie ni fupi, akacheka.

“Dada, Kwaresima haiyafika, na mita yako iko nafunga tayari?”

Léonie hakucheka. Aliipima kamba yake kwa mita ya mti: sentimita 91, kumbe huo ndio upana wa kweli wa dirisha. Akapiga hesabu pembeni mwa daftari. Ubao mmoja ungetoa vipande viwili vya sentimita 91, lakini kipande kimoja tu cha mita nzima. Madirisha matatu yangebaki wazi. Angenyamaza, watu wangesema baba Kunda hajui kupima, na yeye ndiye aliyewapa mbao bila kudai hata asante. Wazo hilo lilimchoma kuliko uji wowote. Akamweleza mwalimu, akaomba ruhusa, akakimbia.

Baba Kunda alikuwa ameshaweka msumeno kwenye alama.

“Baba, musikate kwanza,” alisema akihema. “Ni mimi nilipima mubaya. Kamba yangu iko mufupi.”

Seremala aliinua msumeno, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi penseli ikadondoka kutoka sikioni. Alimsimulia kuwa ujanani alimtengenezea mtu mlango ambao mbuzi aliupita pembeni ukiwa umefungwa, na kwa mwaka mzima mtaa ulimwita Baba Mbuzi.

“Fundo inakula kamba, mama,” alisema. “Yako iko na mafundo tisa. Kila moja ilikula sentimita yake.”

Walirudi shuleni pamoja, wakapima upya, na Léonie akalieleza darasa kosa lake yeye mwenyewe. Kufikia alasiri vipande sita vilikuwa vimepigiliwa. Mvua ilipokuja, iliwakuta wameacha mlango wazi wapate mwanga, na madawati ya mbele yakabaki makavu.

Watoto walisimama kumshukuru baba Kunda. Léonie alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema aksanti mara tatu kwa sababu moja haikumtosha.

“Aksanti kwako pia, mama,” alijibu mzee. “Mbao nilikuwa nayo. Kama haungekuja, leo iko kuni.”

Mwalimu Clovis akawageukia wanafunzi wake.

“Kukosea kupima si aibu, wanangu, ndiyo maana tunapima mara mbili. Aibu ni kuona kosa lako ukanyamaza, huku mbao za mwenzako zinakatwa.”