Picha Mia Mbili na Kumi za Nana Pokuaa

Kila siku akitoka shuleni, Serwaa hubadili sare, hula kenkey yake, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, kwa pilipili, kisha huketi kwenye kompyuta ya Mjomba Barima, mwenye duka la kuchapisha pale Konongo. Alhamisi hiyo aliketi kwenye kompyuta bila kula. Kitabu cha msiba wa bibi yake, Nana Pokuaa, cha kugawiwa waombolezaji, kilipaswa kuanza kuchapwa saa kumi na moja jioni, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Kitabu kilihitaji picha mia mbili na kumi za Nana na ndugu wa ukoo mzima. Serwaa aliandika programu fupi ya kuzipanga na kutoa faili moja la PDF, akawatangazia ndugu kwamba hiyo ni kazi ya dakika tano. Jumatano programu ilifika picha ya tisini ikakatika: kumbukumbu ya kompyuta imejaa. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Ndipo akaongeza mstari mmoja: picha ikikataa, irukwe. Faili likatoka bila kelele.

Sasa alikuwa akilipitia kwa mara ya nne.

"Ndugu zetu wa Juaso wako wapi?" binamu yake Dankwa aliuliza, akichungulia begani kwake.

"Mwishoni."

"Huu ndio mwisho. Umewazika kabla ya Nana."

"Punguza sauti."

"Jumamosi waambie wao wapunguze. Msiba uliopita ilisahaulika picha yao moja tu, wakabeba viti vyao wakaondoka."

Serwaa akahesabu. Picha themanini na tisa. Mjomba Barima akaingia na rimu za karatasi.

"Tayari, mama? Nianze kuchapa?"

Angeweza kusema ndiyo. Mjomba hakuwa na desturi ya kukagua kazi yake.

"Bado, Mjomba. Zimekosekana mia na ishirini na moja. Mimi ndiye niliyeiambia programu iziruke."

Mjomba akaweka rimu chini. "Kila picha ina ukubwa gani?"

"Megabaiti nane."

"Kwenye ukurasa ina upana gani?"

"Sentimita sita."

"Na unafungua ngapi kwa pamoja?"

Serwaa akatazama kibodi. "Zote."

"Fufu ya watu mia mbili, mnatia mihogo yote kinuni kwa mkupuo?"

Dankwa akacheka peke yake.

Wakaandika upya. Kila picha ifunguliwe peke yake, ipunguzwe kufikia sentimita sita, iwekwe, ifungwe, ndipo ije nyingine. Sura ndogo ya Nana iliyo juu ya kila ukurasa ihifadhiwe mara moja, kurasa zote ziitumie hiyohiyo. Mstari wa kuruka ukafutwa. Picha ikikataa, programu isimame na kuitaja.

Ilisimama mara moja, kwa picha iliyoharibika ya shangazi mmoja wa Juaso. Akapigiwa simu, akatuma nyingine. Saa kumi na nusu zilitimia zote mia mbili na kumi, katika faili la megabaiti thelathini.

"Kumbukumbu kujaa humpata kila mtu," alisema Mjomba, akitia karatasi kwenye mashine. "Kosa lako ni kuizuia programu isiseme imeshindwa, kisha nawe ukanyamaza. Ungeniambia jana, ningekufundisha jana."

Mashine ikaanza kutoa kurasa.