Niache, Niachie

Ndege iliondoka bila Kidawa, na sanduku lake likaenda nayo.

Alikuwa amesimama mlangoni, tiketi mkononi, baibui jeusi limepigwa pasi kwa ajili ya safari, na miguu imegoma. Desemba ile ya mwaka 1997 uwanja wa Dallas ulikuwa umefurika, watu wakimpita kulia na kushoto, kila mtu na haraka zake. Mhudumu akafunga mlango. Unguja, mama yake alikuwa akimngoja mwaka wa saba sasa, na hii ilikuwa mara ya tatu binti kufika mlangoni akarudi.

"Ya Rabbi, miguu yangu hii," alinung'unika.

"Pole, dada," sauti ya Kimombasa ikamjibu nyuma. "Lakini sanduku lako lina moyo kuliko wewe."

Akageuka na hasira zake zote. Mwanamume mrefu, shati jeupe, miwani ya jua mfukoni, tabasamu la mtu asiyejua adabu.

"Nani wewe, unayesikiliza dua za watu?"

"Naitwa Swafwani. Nafundisha kurusha ndege ndogo, huko upande wa DeSoto."

"Unafundisha watu kufa."

"Mwenye kuogopa ni abiria, dada. Mwenye usukani ana kazi, hana nafasi."

Kidawa alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi. Alizoea kuwatuliza wanaotetemeka, na alichukia kuwa mmoja wao.

"Nipe namba ya simu," akasema. "Na usidhani nimekupenda."

"Sijadhani. Nimetumaini tu."

Huko Carrollton alikokaa na dada yake Badria, habari hiyo ilipokewa kwa mayowe. "Umeshindwa kiti cha abiria, sasa unataka cha rubani? Una wazimu!"

"Ninao. Na Jumamosi naupeleka angani."

Somo la kwanza alitapika kabla injini haijawashwa. La pili alitapika baadaye, akahesabu hayo kuwa maendeleo. Mikono ilimtetemeka hadi bangili zikawa zinalia. Alizivua, akaziacha garini, akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kati yao walikuwa na maneno mawili ya kazi. Anayetoa usukani husema, "Nakuachia." Anayepokea hujibu, "Nimeshika." Bila hayo hakuna kukabidhiana.

Ila Swafwani naye alikuwa na ugonjwa wake. Kila alipoona vidole vya Kidawa vikitetemeka, mkono wake uliurudia usukani. Tuseme ukweli, mapenzi yalishaingia. Kila jioni simu ililia Carrollton.

"Habibty, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, umenikosa?"

"Nimekukosa mpaka chai nimeweka chumvi."

Somo la kumi na mbili, mwishoni mwa Machi, upepo ulivuma wa ubavuni. Walipogeuka kuelekea uwanja, Swafwani alisema jambo, kitu cha barua na cha mama. Sauti ilimfika Kidawa lakini hakuelewa lolote, kwa kuwa akili yote ilikuwa kwenye ardhi iliyokuwa ikiwajia. Mara akauona mkono wa kiume unauchukua usukani, bila neno.

"Niache!" akapiga kelele. "Niache, Swafwani! Sitaki!"

Swafwani aliitua ndege, akashuka, akaenda zake. Jumatatu, mashine ya simu ilikuwa na ujumbe: "Nimekusikia, Kidawa. Umetaka nikuache, nimekuacha. Nimepata kazi Houston. Mungu akulinde."

Aliusikiliza mara tano. Akajua amechokwa, mwanafunzi mwoga mwenye makelele. Alilia, kisha akakasirika, na hasira ndizo zilizomfaa.

"Anadhani bila yeye nitakaa chini?"

"Kaa basi, mwenzangu, tupumzike," Badria akamsihi.

"Sikai!"

Mwalimu mpya alikuwa bibi wa Kimarekani mwenye mvi, aliyekaa amekunja mikono hata ndege ikiyumba. Na woga? Tusidanganyane, haukuondoka. Alichofanya Kidawa ni kuunyima usukani. Alipoanza kuruka peke yake mwezi wa Mei, aliuambia kwa Kiswahili, "Panda. Kiti cha kulia kile kitupu. Funga mkanda, na usiguse kitu." Agosti, ili apate leseni, ikabidi afanye safari ndefu ya peke yake, na bibi akamwambia achague mji. Akataja Houston bila kupepesa macho. Waswahili wa Texas hawana siri, na Badria alishasikia harusini kwamba Swafwani anafundisha kwenye kiwanja kidogo cha huko huko, karibu na Missouri City.

Alitua vibaya. Ndege iliruka mara mbili kabla ya kutulia. Lakini ilitulia, na Swafwani akaja mbio akikatiza nyasi, bila kofia.

"Nani yuko nawe?"

"Woga wangu. Nimeufunga mkanda."

"Umefuata nini, Kidawa, na ni wewe uliyenitaka nikuache?"

"Usukani, bwana! Nilitaka uuache usukani! Nilikusudia kusema niachie!"

"Ulisema niache. Kwetu mwanamke akisema hivyo anadai talaka."

"Na kwetu vilevile! Ulimi uliteleza. Ati kwa herufi moja mtu anahama mji? Na talaka gani, hata hujanioa!"

"Nilikuwa nimekuposa!"

"Lini?"

"Tulipogeuka kuelekea uwanja. Nilikwambia nataka kumwandikia mama yako barua ya posa. Ukajibu niache, sitaki."

Kicheko kikamtoka Kidawa pamoja na machozi.

"Una akili wewe? Mtu anatua, upepo wa ubavuni, nawe unamposa?"

"Niliogopa. Nilitaka liishe kabla hatujagusa chini."

"Basi nimegusa. Uliza."

Mikono ya rubani aliyeruka miaka tisa ikaanza kutetemeka. "Nakupenda, Kidawa. Nimwandikie mama?"

"Hapana."

Swafwani akanywea.

"Barua ya nini? Utakwenda mwenyewe, ukae mkekani, uulizwe ni mtoto wa nani. Nami nitakuwa chumba cha pili, nasikiliza."

"Wewe? Mpaka Unguja? Kwa ndege?"

"Kwa ndege. Na kiti cha dirishani ni changu."

Jua lilianza kuinama, na ilimbidi Kidawa arudi mapema. Swafwani akashika mlango wa ndege. "Nipande nawe. Upepo umeongezeka."

"Mwanafunzi habebi abiria, wewe ndiye uliyenifundisha. Chukua gari, Badria atakupikia."

"Ni saa nne nzima barabarani!"

"Mimi nimekungoja miezi mitano."

Kidawa akapanda. Vidole vyake vilitetemeka kwenye ufunguo. Swafwani aliviona, na Kidawa alijua kwamba ameviona. Mwanamume akautoa mkono mlangoni, taratibu, akauficha nyuma ya mgongo.

"Nakuachia," akasema.

"Nimeshika," Kidawa akajibu, akafunga mlango.