Sauti ya Kifaa Namba Nne

Siku hiyo uwanja wa ukaguzi wa magari ulikuwa umejaa mpaka getini. Magari yalipangana mkia kwa pua, madereva walijipepea kwa karatasi za bima, na mkaguzi mwenye filimbi alizunguka akiwaamuru watu wasiomsikiliza. Katikati ya vurugu hiyo alikuwepo kijana mmoja mwenye shati la buluu lililopigwa pasi vizuri, akitembea taratibu, mkono ameuinua juu. Kiganjani alishika kitu chenye kioo, na macho yake hayakuwa chini wala mbele.

Gari jeupe la benki ya damu lilikuwa linarudi nyuma. Dereva wake, dada mmoja, alimwona kwenye kioo cha pembeni, akakanyaga breki, akashusha dirisha.

"Kaka, unatafuta nini huko juu?"

"Setilaiti," alijibu yule kijana bila kugeuka.

"Na gari lililo nyuma yako umeliona?"

Ndipo akageuka. Bampa ilikuwa imebakiza shubiri moja ifike kwenye goti lake. Badala ya kuruka, alimwonyesha yule dada kioo cha kile kifaa.

"Hiki kinasema nimesimama ndani ya lile ghorofa pale."

"Mimi nakuona uko juani na unatoka jasho."

"Sasa nimwamini nani?"

"Yule ambaye angekugonga," alisema yule dada, akapandisha dirisha.

Kijana alibaki amesimama, akicheka peke yake. Alikuwa fundi wa duka la vifaa vya magari, kazi yake kuingiza ramani kwenye vifaa vya kuonyesha njia, na dukani walishasahau jina lake; walimwita Ramani. Yule dada naye alikuwa amepeleka damu hospitalini kwa miaka sita, na wenzake walimwita Chapuchapu. Hakuna aliyefikiri wataonana tena.

Wiki iliyofuata Bi Mkubwa, mkuu wa benki ya damu, alimwita Chapuchapu ofisini. Juu ya meza kulikuwa na vifaa vinne, kila kimoja kikubwa kama kiganja, na pembeni yake amekaa kijana mwenye shati la buluu.

"Tunataka kununua vya magari yote," alisema Bi Mkubwa, "lakini sinunui kitu nisichokijua. Mtavijaribu mwezi mzima, madereva wanne. Wewe utakusanya maoni na kuandika ripoti. Huyu ndiye fundi wao."

"Tumeshaonana," alisema Chapuchapu. "Alikuwa ndani ya ghorofa."

Bi Mkubwa hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Ramani aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, akaanza kueleza. Kifaa kinaonyesha njia. Kinacheza muziki na video, kinashika redio, kinatunza picha za familia, na ukikiunganisha na simu unaongea bila kuondoa mikono kwenye usukani.

"Na damu kinabeba?"

"Hapana, dada."

"Basi kazi kubwa bado ni yangu. Nipe hicho namba nne."

Wiki ya kwanza Ramani alikaa kiti cha pembeni ili kuona kifaa kinavyofanya kazi. Chapuchapu alivaa ovaroli la kijani kibichi na raba nyeupe ambazo hazikuwahi kuonekana chafu. Juu ya dashibodi aliweka daftari, na kila safari aliandika dakika alizoambiwa na dakika alizotumia.

"Kinasema dakika kumi na mbili," Ramani alisema siku ya pili.

"Kumi na tisa."

Walifika kwa kumi na tisa. Ramani alitazama saa yake, kisha akamtazama yeye.

"Umejuaje?"

"Saa saba kasorobo shule ya msingi inafungua geti. Watoto mia nane wanavuka. Kifaa chako hakina habari na watoto."

"Na kwa nini hukupita kwenye karakana za mbao?"

"Saa hizi malori yanashusha magogo. Uliza kingine."

Akauliza kingine, na kingine tena. Kwa nini anapunguza mwendo kabla ya daraja wakati barabara ni tupu? Kwa nini kasha la damu analifunga mkanda kama abiria? Chapuchapu alikuwa amezoea wanaume wanaomfundisha kuendesha. Huyu alikuwa anataka kujua tu, na majibu aliyaandika. Siku ya tatu Chapuchapu aligundua kwamba naye ameanza kuuliza maswali: setilaiti zinaonaje gari dogo hivi, na kwa nini muziki unanyamaza wenyewe kona ikikaribia?

Walichogombania ni sauti. Kifaa kilitoka kiwandani na sauti ya mwanamke anayesema kama anamsomea mtu barua ya kuachishwa kazi.

"Pinduka kulia," kilisema.

"Nipinduke?" Chapuchapu alikitazama. "Nimebeba chupa nane za damu, kinaniambia nipinduke."

Ramani alicheka mpaka akavua miwani. Lakini Ijumaa aliomba kile kifaa namba nne, akakaa nacho siku mbili. Jumatatu Chapuchapu alipowasha gari peke yake, alisikia sauti anayoifahamu, tulivu, ya karibu kabisa: "Haya, Chapuchapu. Mbele kuna mzunguko. Nenda taratibu, kisha kata kulia."

Mchana alimpigia simu.

"Umekaa kwenye gari langu tangu asubuhi na hunipi hata nafasi ya kusema."

"Nimekuchosha?"

"Unaongea sana. Ila hunipindui."

"Basi nina swali ambalo halimo kwenye fomu ya tathmini," alisema Ramani. "Jioni ukitoka kazini unakwenda wapi?"

"Inategemea nani ananisindikiza."

Jioni ile walikula pamoja kwenye mgahawa wa jirani na ofisi, na jioni nyingi baada ya hapo. Mdogo wake Chapuchapu, fundi cherehani mwenye mdomo, alimshonea dada yake gauni la zambarau bila kuombwa.

"Dada, vipimo vyako ni vilevile, lakini unasimama tofauti," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Huyo fundi ana nini?"

"Anauliza maswali."

"Hata polisi wanauliza."

"Huyu anasubiri jibu."

Kwenye wiki ya tatu Ramani aliongeza maneno mapya kwenye kifaa bila kumwambia. Alhamisi, saa nne asubuhi, hospitali ya wazazi ilipiga simu: mama amejifungua, damu haikati, tuleteeni damu haraka. Chapuchapu alifunga kasha mkanda, akatoka. Karibu na soko kifaa kilisema, "Hapa kata kushoto, mpenzi."

Alilisikia lile neno la mwisho. Alilisikia kiasi kwamba yaliyotangulia hayakumfikia. Kona ilipita. Aliposhtuka alikuwa kwenye barabara iliyochimbwa ili kuwekwa mabomba, gari mbele, gari nyuma, na kifaa, ambacho ramani yake haikujua lile shimo, kikaendelea kumwambia kwa upole aende moja kwa moja.

Alichelewa dakika kumi na moja. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameshaitanguliza. Alilichukua kasha bila salamu, akakimbia. Chapuchapu alirudi garini, akakizima kifaa, akakaa. Saa nzima ilipita ndipo yule muuguzi akatoka, kofia mkononi.

"Yuko hai," alisema. "Yeye na mtoto."

Chapuchapu alishukuru, akasubiri muuguzi aingie ndani, kisha akalia.

Ripoti aliiandika kwa mkono, kurasa tisa. Hakumwambia Ramani kitu. Aliona si haki kumwonyesha fundi ripoti kabla ya mkuu. Aliandika kwamba betri ni nzuri, simu inasikika vizuri, video ifungwe gari likiwa linatembea, ramani ni ya zamani. Bi Mkubwa alisoma mpaka ukurasa wa saba, akavua miwani.

"Hapa umejiandika wewe mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema barabara ilifungwa, ingetosha."

"Sikutakiwa kufika kwenye barabara hiyo. Nilipitiliza kona."

Bi Mkubwa alivaa miwani tena. Alimpa barua ya onyo, kwa sababu ilibidi, kisha akasimamisha ununuzi mpaka ramani irekebishwe.

Dukani kwa Ramani haikufika ripoti nzima. Mwenye duka, mtu asiye na subira, alitoa nakala ya ukurasa mmoja, ule wa mwisho wa mapendekezo, akamtupia mezani. Ulisema: "Kifaa namba nne kimewekwa sauti isiyo ya kiwandani. Sauti hii haifai kazini. Iondolewe."

Ramani alipiga simu saa ileile.

"Nimesoma," alisema.

"Nilitaka nikueleze mwenyewe."

"Kwa nini hukunieleza? Tulikula pamoja juzi. Ungeniambia, 'Sauti yako inanikera,' ningeitoa. Sasa wananicheka duka zima."

"Ulisoma vizuri?"

"'Haifai.' Nisome vipi tena?"

Chapuchapu alikuwa na barua ya onyo mfukoni na usingizi wa siku mbili machoni. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Kwani ulirekodi ili nikupe alama nzuri?"

Upande wa pili kilisikika kiti kikisukumwa.

"Kama ndivyo ulivyonijua," Ramani alisema, "basi hatujajuana."

Simu ikakatika. Mara mbili Chapuchapu aliibonyeza namba yake akaifuta. Ramani naye aliandika ujumbe mrefu, akausoma, akauona unaomba huruma, akauacha usiende. Mdogo wake Chapuchapu alilitundika gauni la zambarau nyuma ya mlango na hakuuliza kitu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Wiki tatu zilipita hivyo. Asubuhi moja Chapuchapu alikuwa anapita barabara ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, damu iko kwenye kasha, akamwona mtu anatembea kwa miguu kando ya mtaro. Shati la buluu limelowa mgongoni, viatu vina vumbi, mkononi ana daftari. Alikuwa anahesabu kitu kwa kidole.

Chapuchapu alipunguza mwendo, akafungua mlango wa pembeni gari likiwa bado linatambaa.

"Siwezi kusimama, nina damu. Ingia."

Ramani aliingia, akafunga mkanda. Walikwenda mpaka kwenye taa.

"Unafanya nini huku?"

"Natengeneza ramani. Mwenye duka alitaka niketi ofisini nirekebishe kwa kubahatisha. Nilimwambia nitatembea kila barabara nione kwa macho yangu. Hii ni ya hamsini na tatu." Alifunga daftari. "Ripoti yako ilisema kweli kuhusu ramani."

"Ulisoma sehemu ya ramani?"

"Niliambiwa. Nilipewa ukurasa mmoja."

Taa ziliruhusu. Chapuchapu aliendesha akitazama mbele, kwa sababu ilimlazimu, na huenda kama asingelazimika asingeweza kusema.

"Nakala yangu iko kwenye droo hiyo mbele yako. Ukurasa wa saba. Soma kwa sauti."

Ramani alifungua droo, akatafuta, akasoma. "'Alhamisi, dereva wa kifaa namba nne alipitiliza kona ya soko na kuchelewesha damu kwa dakika kumi na moja. Kifaa kilitoa maelekezo kwa wakati. Dereva hakuyasikia, kwa sababu alikuwa anaisikiliza sauti yenyewe. Hili limetokea mara tatu kwa ukubwa tofauti. Kosa ni la dereva. Sauti hii...'" Akasita.

"Malizia."

"'Sauti hii haifai kazini.'" Aliifunga ripoti taratibu. "Damu ya nani?"

"Mama aliyejifungua. Alipona, na mtoto pia. Lakini kwa saa nzima sikujua."

"Na mimi nilikuwa nimeongeza neno bila kukwambia."

"Ulikuwa umeongeza neno."

"Nisamehe. Si kwa neno lenyewe, ila kwa mahali nilipoliweka."

"Nami nisamehe kwa nilichosema kwenye simu. Sikukuwaza hivyo hata siku moja. Nilikuwa nimeumia, nikatafuta pa kukuumiza."

Walifika hospitalini. Chapuchapu alipeleka kasha, akasainiwa karatasi, akarudi. Ramani alikuwa amesimama nje ya gari, akijipangusa vumbi kwa leso.

"Lile neno," Chapuchapu alisema, "sasa huna kifaa cha kulisemea."

"Sina."

"Basi?"

"Basi, mpenzi," alisema Ramani, na mara hii alimtazama usoni, "mama yako anapenda wageni siku gani?"

Chapuchapu hakucheka wala hakujibu upesi, na hilo peke yake lingewashangaza wenzake. "Jumapili," alisema. "Mchana. Uje na maswali machache, maana na yeye anayo."

Jumapili alikuja amevaa suti ya kijivu, kaka yake mkubwa akiwa pembeni. Chapuchapu, ndani ya gauni la zambarau, aliwasikia kutoka jikoni. Mama yake aliwakaribisha, akamuuliza Ramani kazi yake, akamuuliza habari za wazazi wake, akamuuliza kwa nini mwanaume mzima anatembea kwa miguu kuhesabu barabara. Ramani alijibu yote. Kisha mama akauliza ni nini hasa alichompendea binti yake.

Jikoni, mdogo wake Chapuchapu alimfinya mkono asitoke.

"Kuna siku alikosea, mama, na hakuna aliyemwona," Ramani alisema. "Angeweza kunyamaza. Aliandika. Nimeyasoma kwa mwandiko wake mwenyewe. Nikajiuliza ni watu wangapi nimewahi kukutana nao walio hivyo, nikapata mmoja."

Mama alimmiminia Ramani chai. Halafu aliita kuelekea jikoni, sauti yake ikiwa imelegea kidogo.

"Chapuchapu. Njoo ukae hapa, mwanangu. Tunakuzungumzia wewe, si vizuri usikie ukiwa nyuma ya ukuta."

Alitoka, akijifuta mikono, akakaa.