Si Dawa, ni Chakula

Kila asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, Karani aliwahi kwenye rafu ya jikoni. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ndiye aliyewasomea watu wa nyumbani kila karatasi iliyoingia mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na likizo yote hiyo alikuwa na kazi moja tu: kumhudumia mama.

Alianza na vidonge viwili vyeupe vya kuzuia degedege, akafuatisha kimoja kidogo cha kupunguza uvimbe kichwani. Hivyo vilitoka hospitali. Kisha alifungua kopo la plastiki, akachota kijiko cha unga wa kijani na kukikoroga kwenye uji, na kando ya kikombe akaweka kapsuli mbili za rangi ya udongo, zilizokaa kwenye kifuko ndani ya kopo hilohilo. Hivyo vilitoka kwa Profesa.

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Alivaa koti jeupe, akapita na begi lake kwenye benchi za wagonjwa wa saratani. Walinzi wa hospitali ile walikuwa hodari wa kuwafukuza wanawake wa karanga, lakini Profesa walimpigia saluti. Shangazi yake Karani ndiye aliyenunua kopo.

"Hii si dawa, mama, ni chakula," Profesa alimwambia shangazi. "Inaupa mwili nguvu ya kuhimili mionzi. Wakimuuliza mgonjwa kama anatumia dawa nyingine, aseme hapana. Hatakuwa amesema uongo."

Na kweli, kwenye kopo iliandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Karani aliwasomea wote mwenyewe.

Mama alikuwa mshonaji. Uvimbe wa saratani ulimwota kwenye ubongo. Madaktari walitoa walichoweza kwa kisu, kilichobaki wakasema kitachomwa kwa mionzi mara thelathini, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila mara alifunikwa uso kwa barakoa ngumu yenye matundu, ikabanwa kwenye meza ya mashine ili kichwa kisisogee hata kidogo.

"Fundi wao hajui kupima shingo," alimwambia Karani siku ya kwanza. "Ningeishona mimi, ningeacha nafasi ya kumezea mate."

Kabla ya kuingia kwa mashine walipita dirishani kwa sista mwenye fomu. Sista yule hakuwahi kuinua kichwa.

"Homa?"

"Hakuna," Karani alijibu kwa niaba ya mama.

"Kutapika?"

"Kidogo."

"Dawa nyingine mbali na zetu?"

"Hakuna."

Alama, alama, alama, anayefuata. Aliyeichora fomu ile alikaa ghorofani kwenye ofisi yenye zulia, akaona mgonjwa anatoshwa na mstari mmoja. Waliokaa kwenye benchi hakuna aliyewauliza.

Siku ya kumi na nne mama alianguka palepale kwenye foleni. Macho yalimgeuka, mkono wa kulia ukapiga sakafu kama unaotafuta kitu. Walimpeleka ndani, wakamtoa damu. Baba akaja mbio kutoka karakana yake ya kuchomelea vyuma, miwani ya kazi bado ikining'inia shingoni.

"Dawa ya degedege kwenye damu yake ni kama haipo," daktari alisema. "Nani anampa?"

"Mimi," Karani alisema.

"Unampa, au unacheza halafu unasema umempa?"

"Nampa, daktari. Viwili asubuhi, viwili jioni."

"Damu haidanganyi." Alimgeukia baba. "Siwezi kumbana kichwa mezani mtu anayeweza kushikwa na degedege. Akitulia, tutaendelea."

"Na asipotulia?"

"Uvimbe hausubiri, mzee. Utaendelea kukua."

Ikapita siku moja bila mionzi, ikapita ya pili. Mama alishikwa tena, mara hii nyumbani. Shangazi akasema kapsuli ziongezwe ziwe tatu, kichwa kipate nguvu. Karani akamfuata baba uani.

"Baba, tuwaambie kuhusu kopo?"

"Hukuona walivyomfokea yule mzee aliyekutwa na mizizi mfukoni? Walimwambia arudi kwa mganga wake. Wakimfuta mama yako kwenye orodha, tutampeleka wapi? Nyamaza kimya."

Karani akanyamaza. Lakini alasiri ile mama alitaka mkasi akate uzi, akanyoosha mkono akasema, "Nipe kijiko." Alirudia mara tatu, akikasirika kwamba hapewi. Mwanamke aliyeshika mkasi miaka ishirini. Karani alimpa mkasi, akaenda jikoni, akalitia kopo kwenye begi lake la shule.

Asubuhi wote watatu walikwenda kuangalia kama daktari amebadili mawazo. Sista akaanza wimbo wake. Homa, kutapika, dawa nyingine.

"Dawa hakuna, sista," Karani alisema. "Chakula kipo." Akaliweka kopo juu ya fomu.

Baba alimshika bega kwa nguvu, akachelewa. Kwa mara ya kwanza sista aliinua kichwa.

Daktari alifoka kama baba alivyoogopa. Alipochoka alimwita mfamasia, mama mmoja mnene asiye na haraka. Huyo aligeuza kopo, akasoma herufi ndogo za chini, zile ambazo Karani aliziruka kwa sababu majina yake hayasomeki.

"Kwenye kapsuli kuna jani fulani," alisema. "Linalifanya ini livunje dawa ya degedege upesi kupita kawaida. Ulikuwa unampa dawa, mwanangu. Hili lilikuwa linaifuta."

"Na unga?" baba aliuliza.

"Mionzi inaua saratani kwa kuiharibu. Vitu vya namna hii vikizidi, huenda vikaikinga hiyo saratani. Hatuna hakika, na ndiyo maana hatubahatishi na kichwa cha mtu."

"Mbona hamkuuliza?" baba alisema.

"Tuliuliza kila siku," daktari alisema.

"Mliuliza dawa," Karani alisema.

Daktari aliitazama fomu. Kumwomba Karani radhi hakukuwamo kwenye fomu ile.

Kopo lilitupwa. Kwa kuwa jani lile huchukua siku kadhaa kutoka mwilini, mama alibadilishiwa dawa ya degedege, na damu yake ikapimwa mpaka ikaridhisha. Degedege ikakoma. Alirudi chini ya barakoa baada ya kukosa siku nane, akamaliza mara zake thelathini. Kama siku zile nane ziliupa uvimbe nafasi, daktari alisema ni picha ya kichwa tu itakayosema, baada ya miezi.

Baba alikwenda kumshtaki Profesa kwa mkuu wa hospitali. Akaambiwa aandike barua. Aliandika, jibu halijaja, na Profesa bado yupo kwenye benchi. Fomu nayo ni ileile. Sista peke yake ndiye aliyebadilika. Siku hizi anamtazama mgonjwa usoni, na baada ya dawa anauliza kwa kinywa chake mwenyewe: "Na unga? Majani? Vidonge vya nguvu? Chochote unachomeza?"

Jumapili baada ya matibabu, shangazi alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilitaka upone, wifi."

"Najua. Ila siku nyingine, upendo wako upitishe kwanza kwa mfamasia."

Shangazi alicheka kidogo, kisha akalia. Alipoondoka, Karani alisogea karibu.

"Mama, mimi sikusema uongo. Sista aliuliza dawa."

Maneno bado yalimjia mama polepole.

"Hukusema uongo, wala ukweli hukuusema. Nami nilikaa kando yako, nikajua anachotafuta, nikanyamaza. Anayekutibu akikuuliza, usijibu neno lake, jibu haja yake. Mtajie vyote unavyomeza, hata kama atafoka. Kufokewa kunapita, mwanangu. Siku nane zile hakuna wa kunirudishia."